Hina ya Arobaini ya Luqman

Dada yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimeanza na salamu kwa sababu ni haki yako juu yangu, hata kama wewe zangu umeziacha zining'inie. Simu hupokei. Ujumbe unausoma, naziona alama zikigeuka buluu, kisha kimya. Wiki ya kwanza nilisema una shughuli. Ya pili nikasema labda unaumwa. Sasa ni mwezi wa tatu, na kununiana dini yetu imetupa siku tatu tu. Basi nimemwomba binti wa jirani anichapie barua hii na kuiweka mtandaoni, pale ambapo wanawake husoma, maana wenzio walioko Muskati hawaachi kukupelekea lolote linalotoka nyumbani. Majina ya watoto nimeyabadilisha. Langu na lako sikuyatia.

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Niliishia kidato cha pili, na tangu hapo kalamu yangu imekuwa hina. Hata alifu na bee ulinifundisha wewe kabla ya mwalimu wa chuoni, kwa kijiti cha hina, juu ya sinia uliloligeuza kifudifudi pale ukumbini kwetu Mkunazini. Nikikosea ulilowesha kidole gumba kwa mate ukaifuta herufi yangu, ukasema, "Tena." Mama alikuwa keshafariki. Nilikuwa na miaka tisa na wewe kumi na mitano, na siku ile jamaa walipokaa kugawana nani atachukua mtoto yupi, ulitoka chumbani na buibui la mama mwilini, likiburuta chini kwa urefu, ukawaambia kuwa mimi sigawiki. Nililala mgongoni kwako mpaka ulipoolewa.

Ndiyo maana naandika kwa uchungu. Mtu baki akinificha jambo, sina la kumwuliza.

Nianze na arobaini ya Luqman, mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa binti yangu Raya. Wasomaji wengine hawajui mila ya nyumba yetu, kwa hivyo niwaambie. Kwetu mtoto akitimiza siku arobaini, kabla hajatolewa nje, bibi yake humpaka hina. Wa kike huchorwa kidogo mikononi. Wa kiume hachorwi, hupakwa nyayoni na utosini tu, hina tupu, kwa sababu wazee wetu waliamini hina hupooza mwili na kuvuta joto. Bibi yetu alifanya hivyo, na bibi yake kabla yake. Na mimi, mpakaji hina wa mjini, niliyepaka maharusi kutoka Malindi mpaka Matemwe, ningeiachaje mila hiyo kwa mjukuu wangu mwenyewe?

Nilikupigia simu mwezi mzima kabla. Nikakwambia, Dada, nataka hina ile ya kwenu, ile inayosagwa laini kama wanja, kwa arobaini ya mtoto. Ukasema utaona. Nikakukumbusha. Ukasema ya huku siku hizi si nzuri, nipake ya hapa. Nikakutania kuwa umekuwa bahili Uarabuni. Tukacheka, wallahi tulicheka sote wawili. Wiki ile ile ukampa msafiri mfuko, nikaupokea uwanja wa ndege, umefungwa kwa vitambaa viwili na juu yake umeandika jina la mtoto.

Niliichekecha, nikaikoroga kwa maji ya chai na ndimu, sikutia mafuta wala piko. Unajua ninavyojivunia hilo. Wenzangu wengi huchanganya hiyo piko, dawa nyeusi, ili rangi ishike haraka, mimi sijapata hata siku moja. Ijumaa baada ya swala tukakuweka kwenye simu ya picha ili nawe uwepo. Nilimkamata mtoto mguu, akakunja vidole vyake kwenye kidole changu, nikakuonyesha. Ukasema masha Allah. Kisha ukasema maneno ambayo leo nayasikia hata nikiwa kwenye tahiyatu:

"Kidogo tu, mdogo wangu. Mpake kidogo tu, na usimwache nayo sana."

Nilidhani unachelea piko. Nikakwambia usiwe na wasiwasi, hina yangu safi, si ni wewe uliyeileta. Simu ikakatika. Nikasema mtandao.

Jumamosi jioni mtoto alikataa ziwa. Jumapili akawa na joto, analia kilio chembamba kama cha paka. Raya akasema twende hospitali. Na hapa, Dada, nasema kosa langu mbele ya kila mtu, maana sitaki kukutupia wewe mzigo wangu. Nilimwambia Raya tulia, huyu ana joto tu, hina ya juzi haikukolea. Nikakoroga nyingine. Nikampaka tena nyayo zote mbili, na safari hii viganja pia, nikamfunga vitambaa ili ikae. Nilikuwa natoa joto, kwa akili yangu. Mikono hii.

Nikakupigia kukwambia nimerudia. Sauti yako ikapanda ghafla, ukaniuliza kwa nini nimerudia wakati umenambia kidogo. Nikaona unanigombeza kama dada mkubwa. Baada ya hapo ulipiga simu mara nane au tisa mpaka Isha, unauliza kanyonya, kakojoa, mkojo wake rangi gani. Nikamwambia Raya, ona mama yako mkubwa anavyompenda mtoto, hata mkojo anauliza. Ukauliza rangi ya mkojo, Dada. Ulikuwa unajua ninachotakiwa kukiona.

Alfajiri niliamka kusali nikamfungua. Nepi ilikuwa na rangi ya maji ya ukwaju. Macho yake manjano, na midomo imeparara mpaka imekuwa rangi ya unga. Mkwe wangu alitupeleka hospitali hata sijakumbuka kuvaa viatu.

Daktari aliuliza kala nini, kapewa dawa gani, kapakwa chochote. Nikanyoosha mikono yangu, ina rangi mpaka kwenye kucha, nikasema kwa fahari bado: hina tu, daktari, hina safi. Akanitazama, akamwambia muuguzi kitu, wakamchukua mtoto. Baba yake alitoa damu, wakamwongezea. Siku tatu nilikaa kwenye sakafu ya ukumbi wa wodi na tasbihi. Sikuomba dua ndefu. Nilisema tu, Ya Rabbi, usimchukue kwa mkono wangu.

Hakumchukua. Alhamdulillahi hamdan kathira.

Siku ya nne alinijia binti wa maabara, mdogo kuliko Raya, kavaa koti jeupe juu ya buibui. Akakaa chini pamoja nami. Akaniambia mtoto ana upungufu wa kimeng'enya. Nikamwuliza ndiyo mdudu gani. Akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki.

Nakuandikia alivyonieleza, Dada, ijapokuwa wewe ulielezwa miaka mingi kabla yangu na kwa ufasaha zaidi. Nawaandikia pia wanawake wengine ambao hawakuelezwa.

Alisema ndani ya mwili mna vifundi vidogo visivyoonekana, kila kimoja na kazi yake, ndivyo vimeng'enya. Kimoja kina jina refu la kizungu ambalo wao hulifupisha kwa herufi na tarakimu, na kazi yake ni hii: kinachukua sukari kidogo katika ile tunayokula na kuipitisha njia ya pembeni. Sukari hiyo haiendi kuwa nguvu ya kutembea wala kubeba ndoo. Inakwenda kuwa ngao. Damu kila siku inaingiwa na vitu vinavyotaka kuilia kama kutu inavyolia chuma, na ngao hiyo ndiyo inayovizuia. Sehemu nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata ngao hiyo. Chembe nyekundu ya damu, akasema, ina njia hii moja tu. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, chembe haina pa kukimbilia. Siku nyingi mtu hukaa mzima kabisa, hajui. Mpaka ije siku apewe kitu kinachowasha moto ndani ya damu, na hina, ile hasa ya majani matupu, kwenye ngozi laini ya kichanga, ni miongoni mwa vitu hivyo.

Nikamwuliza, mwanangu, kwani hicho kimeng'enya ni cha watu maalumu? Akasema, "Bibi, karibu kila chenye uhai kinacho. Mbuzi anacho. Mwani wanaolima kina mama kule Matemwe unacho. Hamira ya mandazi yako inacho, inachemka nacho kwenye bakuli."

Nikauliza swali la kijinga ambalo halikuwa la kijinga: na mhina? Mti wenyewe?

Akafikiri. Akasema ndiyo, hata jani la mhina, likiwa hai, linacho ndani yake.

Dada, niliinamisha kichwa. Mola aligawa hiki kitu mpaka kwenye jani ninalolisaga kwa jiwe, na kwa mjukuu wangu akajaalia kiwe haba. Sikukufuru. Nilijiuliza tu. Binti yule akaona uso wangu, akasema ngoja nikwambie jingine. Hata kijidudu cha malaria kina cha kwake. Lakini kijidudu hicho huishi ndani ya chembe nyekundu, na wataalamu wameona kikiingia kwenye chembe yenye upungufu hakistawi vizuri, hupata tabu. Ndiyo maana upungufu huu uko mwingi kwetu, watu wa pwani na visiwani ambao wazee wao waliishi na mbu. Waliokuwa nao walikuwa na nafuu kidogo kwenye malaria kali, wakaishi, wakazaa. "Si laana, Bibi," akasema. "Ila mtu ajue anacho, ajue na vya kuepuka. Hata dawa nyingine za malaria zenyewe. Akijua tu, anaishi mpaka anazeeka."

Akijua tu. Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Na akaniambia unavyorithiwa. Hupitia kwa mama. Mwanamke hupata nyuzi mbili, moja ikiwa mbovu nyingine humsaidia, kwa hivyo huenda akapaka hina maisha yake yote asidhurike. Mtoto wa kiume ana uzi mmoja tu, akipewa ule mbovu ndio basi. Kwa hivyo Raya kautoa kwangu, na mimi kwa mama. Nilihesabu kwa vidole nikafika kwako, Dada, nikasema maskini dada yangu, naye huenda anao na hajui. Niwahi nimwambie kuhusu mwanawe Idrisa. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nilitaka kukuonya.

Sikukupata siku ile. Aliyenipigia ni binti yako Thuwaiba, kwa furaha zake, ananiuliza nitampaka maua ya aina gani kwenye harusi yake. Nikamwambia, mwanangu, mama yako mdogo ameweka hina chini kwanza, na nikamweleza yaliyompata Luqman. Nilipofika kwenye kimeng'enya akanikata, kwa upole tu, kama mtu anayesaidia mzee kutafuta neno:

"Mama mdogo, si ile ya Idrisa? Idrisa anayo tangu kuzaliwa, huku wanapima watoto wote. Kwani mama hakukwambieni?"

Akanitumia picha ya kadi ambayo kaka yake huitembeza pochini. Kijana wa miaka ishirini na mbili. Upande mmoja kizungu, upande wa pili Kiarabu, orodha ya vitu asivikaribie. Kizungu kilinishinda. Nikasoma upande wa pili, kwa herufi ulizonifundisha juu ya sinia. Hee. Nuni. Alifu. Mstari wa tatu, Dada. Hina ilikuwa mstari wa tatu.

Nilikaa kitako ngazini. Mambo yakawa yanakuja yenyewe, moja likimwita jingine. Mwaka uliokuja na Idrisa mchanga, ukakataa bibi zake wasimpake chochote, ukasema watoto wa siku hizi wana mzio. Ulivyofungua sanduku la nguo langu ukatoa vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, ukavitupa mbali huko barazani, ukasema harufu yake inakutia kichwa. Kumbe vimo kwenye kadi. Ulivyomnyang'anya Idrisa kijiko cha maharage mapana ya Kiarabu kwenye walima, watu wakakusema una maringo. Na mimi ndiye niliyekutetea. Niliwaambia dada yangu anajua anachofanya.

Na Abdalla. Sikutaka kumtaja, ila huwezi kuniambia hukumkumbuka. Mdogo wetu, nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na miwili. Alipakwa na bibi siku ya arobaini, na kabla ya wiki alikuwa wa manjano, na wewe ndiye uliyekuwa unafua nguo zake. Watu wakasema jicho. Sidai kujua kilichomuua, Mungu ndiye ajuaye. Lakini siku daktari wa Muskati alipokusomea kadi ile, najua ulikwenda kwenye ndoo ile ya nguo kwa mawazo. Haiwezekani hukwenda. Ukarudi, ukafunga mdomo, na miaka ishirini na miwili tukazungumza kila siku ya Mungu, mpaka chumvi iliyozidi kwenye mchuzi tukaambiana.

Simu yangu ukaipokea mara moja tu baada ya hapo. Sikukutukana, nawe ni shahidi. Nilikuuliza kama ulijua. Ukalia. Ukasema posa ya Thuwaiba ni ya watu wazito, wakisikia nyumba yetu ina damu yenye ila watajitoa, nikuvumilie harusi ipite. Nikasema na Luqman je. Ndipo uliponambia, "Usinikaange, mdogo wangu. Nilikwambia kidogo tu."

Neno hilo ndilo lililonivunja kuliko yote. Kwa kuwa lilikuwa kweli. Ulipima ukweli kama mtu apimavyo sumu, ukanipa kiasi ambacho kingekuwezesha wewe kulala.

Lakini nilikubali. Naona haya kuandika kwamba nilikubali. Nilisema sawa, harusi ipite, ukiwa dada yangu siri yako ni siri yangu. Kumbe Raya naye keshaongea na Thuwaiba, keshaiona kadi. Akaja nyumbani, mtoto kamfunga kifuani, hakukaa. Akaniuliza mimi kama nilijua. Nikamwambia sikujua. Akasema, "Mama, wewe na mama mkubwa mnaambizana mpaka ndoto. Miaka yote hii, hili tu ndilo hakukwambia?"

Ningemlaumuje? Hata mimi ningeshindwa kuliamini. Nikamwambia mpigie mwenyewe mama yako mkubwa, yeye atakwambia. Nilimwambia kwa uhakika, Dada, nikamhimiza atoe simu yake. Akakupigia hapo hapo mbele yangu. Sikusikia ulichosema, ila nilimwona akisikiliza, kisha akakata. Nikamwuliza kasemaje. Akasema umemjibu, "Hayo muulize mama yako."

Akaondoka. Yuko Kiembe Samaki kwa mumewe, na mimi ninakwenda kila Ijumaa. Hanifukuzi, kalelewa. Ananikaribisha sebuleni, ananiletea chai, mtoto anabaki chumbani. Siku moja alinitokea naye, kambeba yeye. Nikanyoosha mikono. Akaitazama mikono yangu, na ile rangi ya hina bado imo kwenye kucha, inachukua miezi kutoka. Akasema mtoto ana usingizi. Macho ya mtoto yalikuwa wazi kabisa.

Wiki mbili zilizopita Thuwaiba kanipigia tena. Nikamwambia asiogope, mimi mdomo wangu nimeufunga, wakwe zake hawatasikia kitu kutoka Unguja. Akashangaa. Akasema wakwe zake wanajua tangu mwanzo, huko watu wanapimwa kabla ya ndoa, yeye na mchumba wake walipeleka majibu pamoja, na mama mkwe wake naye ana mtoto wa namna hiyo hiyo. Akacheka, mtoto wa watu. Kwake ni jambo kama kuvaa miwani.

Nikamuaga. Nikatandika msala, nikasali rakaa mbili.

Ulimficha nani basi, Dada? Wakwe wanajua. Watoto wako wanajua. Muskati nzima inapima na kuandika kwenye kadi. Katika ulimwengu wote huu tuliofichwa ni mimi na binti yangu, na yule asiyejua hata kuuliza. Nimetafuta sababu kila upande. Nimepata moja tu, nayo naitoa kwa hofu ya kukudhulumu: ulianza kwa kuona haya, siku ile ile ya mwanzo, kwa kuwa kwangu ulikuwa mtu asiye na ila. Uliyetoka na buibui la mama. Hukutaka nikuone una mtoto mwenye kasoro. Mwaka ukapita, na kunambia sasa ikawa lazima uanze kwa kunambia kwa nini hukunambia mwaka jana. Na mingine ikapita juu yake. Mpaka nikakuomba hina, na kuituma kukawa kwepesi kuliko kusema.

Kama ndivyo, nakuelewa. Sijasema nimesamehe. Nakuelewa.

Kazi nimeirudia, mkono hauwezi kukaa bure. Maharusi nawapaka. Vichanga sipaki, awe nani. Juzi kaja mama mmoja na mwanawe wa siku arobaini, nikamwuliza kama mtoto kapimwa, kama katika ndugu zake wa kiume kuna aliyepata manjano akiwa mchanga. Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akawaambia wenziwe, "Haya, siku hizi hina inapakwa kwa cheti cha daktari." Wakacheka, nami nikacheka. Kisha mama mtu mzima aliyefuatana naye akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini kuwa yupo, kaka yake yeye. Nikawaelekeza maabara waliyompima Luqman. Hivyo ndivyo jambo hili linavyotakiwa lisemwe, kwa mdomo, kwenye kibaraza, kama tunavyosema habari za jino.

Dada, sikuombi uniombe radhi. Hilo liko baina yako na Mola wako, na mimi nitalifikia kwa miguu yangu, nikijaaliwa. Sikuombi hata unipigie. Mpigie Raya. Namba yake hujaisahau. Mwambie maneno matatu: mama yako hakujua. Usieleze, usilie, usimwambie ulisema kidogo tu. Hayo matatu, na ukate. Hakuna mwingine duniani anayeweza kuyasema akaaminika. Mimi nimeyasema mpaka yamechakaa.

Na yaseme upesi. Luqman ana miezi mitano na nusu sasa. Ameanza kutambua nyuso. Ijumaa iliyopita Raya alipita naye sebuleni, nikamwita kwa jina, akageuka akanitazama vizuri, kisha akajificha shingoni kwa mama yake na kulia, kama watoto wanavyomlilia mgeni.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko uliko, na akulegezee ulimi.

Mdogo wako.